Mwalimu na chama chake: kazi inaanzia ofisi ya walimu

Walimu wengi ni wanachama wa kwenye hati ya mshahara tu. Makato yanaondoka kila mwezi, kadi iko mahali fulani kwenye droo, na chama kinakumbukwa siku barua ya kutakiwa kujieleza inapotua mezani. Wanaoamua kutoka hapo na kufanya kitu, wengi hukimbilia kugombea: ujumbe wa kamati, ukatibu, uweka hazina. Naona hapo ni pa kufika baadaye. Mwenye cheo asiye na watu nyuma yake shuleni kwake huishia kuwa mpeleka barua. Kazi yenyewe iko ofisi ya walimu, na sehemu yake kubwa haihitaji kuchaguliwa na mtu.

Hakikisha wewe ni mwanachama kweli

Anza na hati yako ya mshahara. Katika baadhi ya nchi, mfanyakazi asiye mwanachama naye hukatwa ada ya uwakala, kwa hoja kwamba ananufaika na mkataba uliojadiliwa na chama. Anaona makato, anaamini yumo, na siku ya uchaguzi jina lake halipo. Makato ni jambo moja na uanachama ni jingine; uanachama unatokana na fomu uliyojaza na kusaini. Tatizo la pili ni uhamisho. Mwalimu amehama shule, lakini daftari la chama bado linamsoma kule alikotoka, na karatasi yake ya kura inapelekwa huko huko. Liombe tawi likuthibitishie kwa maandishi jina lako, shule uliyopo na tarehe ya kujiunga.

Kisha tafuta nyaraka mbili: katiba ya chama na mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri. Hakuna haja ya kuzikariri. Kwenye katiba tafuta akidi ya mkutano wa tawi (idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uwe halali), siku zinazotakiwa kutoa notisi ya hoja, na muda wa uanachama unaotakiwa kabla ya kugombea. Kwenye mkataba weka alama vifungu vya saa za kazi, uhamisho, likizo, nidhamu na muda wa mwisho wa kuwasilisha malalamiko. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaumiza watu zaidi. Mwalimu mwenye haki yake kabisa anaipoteza kwa sababu alisubiri muhula uishe ili asionekane mkorofi, na muda ukapita.

Chora ramani ya shule yako

Chukua karatasi moja, andika majina ya wafanyakazi wote, wakiwamo wa mkataba wa muda, wanaofundisha zamu ya mchana, na fundi wa maabara kama chama chenu kinampokea. Hao ndio husahaulika. Mbele ya kila jina weka: ni mwanachama au la, anafundisha nini, hukaa na nani wakati wa chai, linalomsumbua kazini ni lipi, na mara ya mwisho kuzungumza naye kuhusu chama ilikuwa lini. Safu ya linalomsumbua ikiwa tupu kwa majina mengi, maana yake bado hujazungumza na watu, umekuwa ukiwatangazia tu.

Ukishaijaza, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni mapengo: pengine idara nzima ya sayansi haina mwanachama hata mmoja, na sababu ni kwamba hakuna aliyewahi kuwafuata. La pili ni wale wanaosikilizwa. Waulize watu wachache, kila mmoja kwa wakati wake: ukikwama na jambo la kazi hapa, humwendea nani? Jina linalojirudia ndilo la kulifanyia kazi. Mara nyingi si msemaji wa kila kikao. Ni mwalimu mtulivu anayejua ratiba ya vipindi kuliko aliyeipanga, na pengine hana habari na chama. Huyo akijiunga, wanne au watano watamfuata bila kuombwa.

Karatasi hiyo ni siri. Usiihifadhi kwenye kompyuta ya shule, usiitume kwa barua pepe ya kazini, wala usiipige picha na kuirusha kwenye kundi. Ina maoni ya watu kuhusu mwajiri wao, na katika nchi nyingi uanachama wa chama cha wafanyakazi huhesabiwa kisheria kuwa taarifa nyeti.

Mazungumzo ya watu wawili

Hakuna kipeperushi wala ujumbe wa kundi unaofanya kazi ya dakika 20 za kuzungumza na mtu mmoja mahali tulivu. Anza na swali la kazi yake: muhula huu ni nini kinakuchosha zaidi? Halafu nyamaza. Yeye azungumze zaidi yako, mara mbili zaidi ikiwezekana. Akisema anapangiwa kujaza vipindi vya walimu wasiokuwepo kila wiki, usiruke kwenye suluhisho. Uliza ni vingapi, anajulishwa saa ngapi, nani mwingine yuko hivyo, wamewahi kufanya nini. Kisha uliza swali ambalo wengi hulikwepa: unadhani nani ana uwezo wa kulibadilisha hili, na kwa nini hajalibadilisha? Hapo mtu anaanza kuona mwenyewe kwamba kumwendea mkuu wa shule peke yake kumeshajaribiwa.

Malizia kwa ombi moja dogo lenye tarehe. «Karibu chamani» si ombi. Ombi ni hili: «Unaweza kuandika vipindi vyote ulivyojaza kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, tukutane Ijumaa mchana tuviangalie?» Ukishauliza, nyamaza tena, hata kimya kikiwa kizito. Wengi huharibu hapa: wanaona mwenzao anasita, wanamwokoa kwa kusema «lakini kama una kazi nyingi, basi», na mlango unafungwa. Ijumaa ikifika, nenda. Usipokwenda, mtu huyo hatakuamini mara ya pili, na ana haki.

Hofu itajitokeza, na haifai kuichekea. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 98 wa mwaka 1949 unataka wafanyakazi walindwe dhidi ya kubaguliwa kazini kwa sababu ya shughuli za chama. Kifungu chake cha 6 kinawaacha nje watumishi wa umma wanaoendesha utawala wa dola, na mara kwa mara mwajiri hujaribu kuwaingiza walimu humo. Vyombo vya usimamizi vya shirika hilo vimeshikilia kwamba walimu wa shule za umma hawamo katika kundi hilo. Ila ulinzi wa siku kwa siku unatoka kwenye sheria ya nchi na mkataba wenu, kwa hiyo mwonyeshe mwenzako kifungu cha mkataba kwanza. Na mweleze ukweli: anayejitokeza pamoja na wenzake kumi ana usalama ambao anayejitokeza peke yake hana.

Malalamiko: hapa ndipo mwakilishi anapojulikana

Kila shule inahitaji mwakilishi wa chama, na nafasi hiyo mara nyingi iko wazi kwa sababu hakuna anayeitaka. Ukiichukua, jifunze kutenganisha kero na ukiukwaji. Kikao kinachovuka muda ni kero. Kikao kinachovuka muda wakati mkataba umeweka kikomo cha saa ni ukiukwaji, nao unaandikiwa lalamiko rasmi. Hii haimaanishi kwamba kero isiyo na kifungu itupwe. Inakwenda kwenye orodha ya madai ya majadiliano yajayo.

Lalamiko zuri ni fupi: nani, nini, tarehe na saa, kifungu gani kimevunjwa, na mlalamikaji anataka nini kifanyike. Linganisha. «Walimu wananyanyaswa kwa vipindi vya ziada» halijibiki. «Kati ya tarehe 3 na 21, mwalimu huyu alipangiwa vipindi 9 vya kujaza nafasi, wakati kifungu husika kinaruhusu 4 kwa mwezi, tunaomba vipindi 5 vilivyozidi vilipwe au vifidiwe kwa muda, na ratiba irekebishwe» linamlazimu mtu kutoa jibu. Weka nakala, na hakikisha aliyepokea ameandika tarehe na kusaini.

Mwenzako akiitwa ofisini kwa jambo la nidhamu, ulizeni kabla kikao kinahusu nini, na kama kinaweza kuleta adhabu. Nenda naye kama utaratibu unaruhusu. Andika yaliyosemwa yakiwa bado mabichi. Usimwahidi matokeo, mwahidi utaratibu tu. Walimu wawili wanachama wakigombana, usiwawakilishe wote: kila mmoja apate mtu wake. Na shutuma ikihusu usalama wa mtoto, usifanye uchunguzi wako, usizungumze na mtoto wala mzazi, piga simu ofisi ya chama siku hiyo hiyo. Mwakilishi mwenye nia njema anayekwenda kuuliza uliza anaweza kumharibia mwenzake kesi na kumuumiza mtoto kwa wakati mmoja.

Yakiwa matatizo ya watu wengi, yapeleke kama ya wengi. Malalamiko 12 yanayofanana yakiwasilishwa moja moja yatajibiwa moja moja, polepole, na kila mtu ataambiwa lake ni la kipekee.

Mkutano wa tawi na hoja inayotekelezeka

Mikutano ya tawi huwachosha watu kwa sababu mbili: inachelewa kuanza ikisubiri akidi, na inaisha bila mtu kujua nani atafanya nini. Ukitaka kusaidia bila cheo, jitolee kuleta watu watano, na jitolee kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu zenye manufaa hazirekodi hotuba. Zina uamuzi, jina la mtekelezaji na tarehe.

Hoja nayo ina ufundi wake. «Tawi linalaani msongamano wa madarasa» itapita kwa makofi, na mambo yatabaki vile vile. Andika: «Tawi linamwagiza katibu amwandikie mwajiri kabla ya tarehe 15, akiambatanisha hesabu ya wanafunzi wa kila darasa, na kuomba kikao ndani ya siku 14, jibu lisomwe kwenye mkutano ujao.» Tafuta muungaji mkono mapema, ikiwezekana kutoka shule nyingine, uiwasilishe ndani ya siku za notisi, na kama inahitaji fedha, zungumza na mweka hazina kabla ya mkutano. Hoja nyingi nzuri hufia kwenye swali la «fedha zitatoka wapi».

Majadiliano na kupima nguvu

Pendekezo la pamoja la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, linasema mishahara na mazingira ya kazi yapatikane kwa majadiliano kati ya vyama vya walimu na waajiri, na vyama hivyo vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu. (Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994.) Halina nguvu ya sheria, lakini linafaa kunukuliwa mwajiri anapodai mitaala na ukubwa wa madarasa haviwahusu.

Mwanachama wa kawaida anaingiaje humo? Kupitia takwimu. Kamati ya majadiliano huwa na hoja nyingi na ushahidi kidogo. Shule inayoleta jedwali la idadi ya wanafunzi kwa darasa, saa za kusahihisha nyumbani kwa wiki mbili, na vipindi vilivyojazwa, inasikika kuliko shule yenye hasira tu.

Halafu kuna kupima nguvu, ambako viongozi wengi hukuruka. Kabla ya kutishia hatua kubwa, omba ndogo inayohesabika: saini kwenye barua moja, wote kuvaa rangi moja siku ya Jumatano, wote kutoka mlangoni pamoja saa ya kazi ikiisha. Hesabu kwa kila shule, siyo kwa jumla. Shule yenye watu 40 ikitoa saini 11, umejua pa kwenda wiki ijayo. Chama cha walimu cha Chicago kilifika mwaka 2012 kikiwa na sheria iliyodai asilimia 75 ya wanachama wote, wanaopiga kura na wasiopiga, waunge mkono mgomo. Kilikuwa kimeunda vikundi vya wanachama shuleni na kufanya kura za majaribio kabla. Kura rasmi ya Juni ilipata karibu asilimia 90, na mgomo wa Septemba ulichukua siku 7 za shule. Kiwango kama hicho hakifikiwi kwa mabango ya wiki ya mwisho. Tena, masharti ya mgomo yako kwenye sheria ya kila nchi: notisi, upatanishi, aina ya kura. Hatua moja ikirukwa, mgomo unaweza kutangazwa batili hata madai yakiwa ya haki.

Ukishaamua kuchukua cheo

Zipo nafasi zaidi ya mwenyekiti na katibu. Mwakilishi wa afya na usalama ana kazi inayoonekana haraka, kwa sababu paa linalovuja halihitaji miaka ya majadiliano. Kamati za wanawake na za walimu vijana huwa na viti vitupu, na mjumbe wa mkutano mkuu hujifunza katiba kwa vitendo. Kabla hujakubali, uliza muda. Pendekezo namba 143 la mwaka 1971 la Shirika la Kazi Duniani linataka mwakilishi apewe muda wa kazi hiyo bila kukatwa mshahara; angalia mkataba wenu unasema saa ngapi, na uhakikishe zimeandikwa kwenye ratiba yako kabla muhula haujaanza. Zikibaki za mdomo, zitaliwa na vipindi vya kujaza nafasi.

Tafuta msaidizi siku unayoanza, umpe kazi halisi: yeye ndiye atunze ramani, au apokee malalamiko ya zamu ya mchana. Faili la malalamiko, tarehe zake za mwisho na nakala zilizosainiwa, liwe mahali ambapo nyote wawili mnaweza kulifikia, maana uhamisho wa mwakilishi huja ghafla na lalamiko la watu halisubiri mrithi achaguliwe.