Yai la uzazi, na jinsi neno "mbegu" linavyotupotosha

Ukipita kwenye shamba la mahindi Uyole au Mafinga wakati yanabeba, chuma hindi changa umenye maganda taratibu. Utaona kila uzi wa zile ndevu umeshikana na punje yake moja. Chavua ya ua la juu ikitua kwenye uzi, inashuka nao hadi kwenye punje changa, ambamo mna yai linalosubiri. Vikikutana, mbegu ndiyo inaanza. Uzi uliokosa chavua unaacha pengo kwenye gunzi.

Binadamu ni hivyo hivyo, ndiyo maana msemo wetu wa "mbegu za kiume" umevunja ndoa nyingi bure. Mtu akisikia mbegu anawaza udongo, na isipoota lawama zinaenda kwa udongo. Kumbe ile ya mwanamume iko karibu zaidi na chavua: ni seli iliyobeba nusu ya maelekezo ya kumjenga mtoto, yaani kromosomu 23 (nyuzi ndogo zinazobeba maelekezo hayo). Yai la mwanamke ni seli nyingine yenye 23 zake. Mbegu kamili inapatikana zikishaungana na kuwa 46.

Neno "kiini" nalo lina mtego wake. Kwenye yai la kuku, kiini ni ile njano, yaani akiba ya chakula cha kifaranga. Kwenye baiolojia, kiini ni sehemu ya seli inayotunza kromosomu. Yai la mwanamke karibu halina njano, kwa sababu mtoto atalishwa kupitia kondo. Ndiyo maana ni dogo, kipenyo chake kama milimita 0.1, utapanga zaidi ya kumi kwenye mstari ndipo ufikie upana wa punje moja ya ulezi. Hata hivyo ni kati ya seli kubwa kabisa mwilini, na kichwa cha mbegu ya kiume kinaingia kama mara 20 katika upana wake. Limezungukwa na ganda laini lenye ute mzito. Mbegu ya kwanza ikishapenya, ganda hilo linabadilika na kuzifungia nje zilizobaki. Likishindwa kufunga zikaingia mbili, kromosomu zinakuwa 69 na mimba hiyo kwa kawaida inaharibika.

Mayai hayatengenezwi kila mwezi. Mtoto wa kike anazaliwa nayo yote, kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni 400 hadi 500 tu, mengine yanakufa kimya kimya. Kila moja lilianza kujigawa kabla hajazaliwa, likasimama katikati, na linaendelea pale tu linapokaribia kutoka. Yai la mwanamke wa miaka 40 limesubiri miaka 40, na kifaa kinachotenganisha kromosomu ndani yake kimechakaa. Hapo ndipo mimba zinapotoka zaidi, na hatari ya mtoto kuwa na kromosomu ya ziada inapanda.

Katika mwezi, kifuko chenye yai kwenye ovari (kiungo cha mwanamke kinachotunza mayai) kinakua hadi kama milimita 20, kisha kinapasuka. Yai linadakwa na mrija wa uzazi, na humo humo ndimo linapokutana na mbegu, wala si kwenye mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zinaweza kusubiri hadi siku 5, kwa hiyo siku zenye uwezekano wa mimba ni 6 hivi: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Lisiporutubishwa linayeyuka. Damu inayokuja wiki mbili baadaye ni ukuta wa mji wa mimba unaobanduka. Yai lilishapotea zamani.

Yanayoharibu ni mengi, ila kuna mawili ya kuyatazama kwanza. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, visipotibiwa mapema vinaacha makovu kwenye mirija: ikiziba kabisa, yai na mbegu havionani, ikibana tu, mimba inaweza kutungwa ikakwama humo, na mrija ukipasuka mama anavuja damu tumboni na kuweza kufa. Kovu halizibuliwi kwa chai ya mizizi, hata muuzaji aapeje. La pili ni upande wa baba. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaotafuta mtoto, tatizo liko kwake au lipo kwa wote wawili, na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote: kikopo safi, siku 2 hadi 7 bila tendo, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Sioni sababu ya mke kuanza kupigwa eksirei ya mirija mume hajapima.

Mirija ikishindikana, yai linavutwa kwa sindano moja kwa moja kutoka ovari, linarutubishwa maabara, na kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) kinawekwa ndani ya mji wa mimba siku ya 3 au ya 5. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978.

Jambo moja linaloponza wengi ni kipimo cha projesteroni (homoni inayopanda baada ya yai kutoka), cha kujua kama yai lilitoka, kinachoitwa "cha siku ya 21". Siku hiyo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28, maana kinatakiwa kufanyika siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka karibu na siku ya 21 yenyewe. Akipimwa siku hiyo ataambiwa hatoi mayai na kuanzishiwa vidonge, wakati kipimo chake kilikuwa cha siku ya 28.