Kidonge kilichokunywa unyevu

Ukitaka kujua hewa ya Lamu imebeba maji kiasi gani, funua kikopo cha chumvi jikoni mwezi wa Mei. Utaigonga kwa kijiko ndipo imeguke. Mimi ni mfamasia hapa mjini, na miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta sikuwahi kukihusisha kikopo kile na kifafa, mpaka mama mmoja wa Mkomani alipoingia dukani na chupa ya asali.

Ndani yake hamkuwa na asali. Mlikuwa na vidonge vya kabamazepini, dawa ya kifafa, vya mwanawe, kijana aliyekaa karibu mwaka mzima bila kuanguka, kisha akaanza tena.

"Dokta, dozi wameshamwongezea mara mbili na bado. Au ni jini kweli, kama wanavyosema watu?"

"Chupa hukaa wapi, mama?"

Hukaa kwenye rafu juu ya mtungi, ili kijana akienda kunywa maji akumbuke kumeza. Hoja nzuri kabisa, ila kwa dawa hii hapakuwa na pahali pabaya zaidi nyumba nzima, labda chooni.

Nikateka maji bilauri mbili. Moja nikatia kidonge chake, nyingine nikatia cha aina ile ile nilichokitoa kwenye pakiti iliyofungwa. Changu kilifura kikasambaratika tungali tukizungumza. Chake kilitulia chini kama kokoto. (Vile vidonge vya kuachia dawa polepole usivihukumu hivi, hivyo vimetengenezwa makusudi visivunjike upesi.)

Kabamazepini ilitengenezwa na mkemia Walter Schindler katika kampuni ya J.R. Geigy, Basel, Uswisi, mwaka 1953. Molekuli yake ina kaboni 15, haidrojeni 12, nitrojeni 2 na oksijeni 1. Ni unga mweupe ambao majini huyeyuka kwa taabu sana, na hapo ndipo penye kioja: haiyeyuki, lakini unyevu huuvuta. Ikikaa kwenye hewa yenye maji mengi, kila molekuli hujishikiza molekuli mbili za maji, na fuwele zake zikajipanga upya kwa umbo jingine. Kidonge hugeuka kigumu. Dawa haijaoza wala haijavunjika. Ukiipeleka maabara utaambiwa ipo. Ila hushindwa kumeguka na kuyeyuka kwa wakati, basi sehemu yake hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahi kuonya kwamba vidonge hivi vikihifadhiwa kwenye unyevu vinaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu zake au zaidi.

Kilichonitia hofu siku ile, hata hivyo, hakikuwa vidonge vibovu. Kilikuwa vile vizima nilivyotaka kumpa. Dozi ya yule kijana ilipandishwa ili kufidia vidonge vilivyokuwa havifanyi kazi. Leo akimeza idadi ile ile ya vikavu, vyote vitaingia damuni. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 4 hadi 12 kwa lita ya damu, uwanja mdogo huo. Ukiuvuka, mtu huona vitu viwili viwili, huyumba kama aliyeshuka chomboni wakati wa mawimbi, hutapika, husinzia. Kwa hiyo kabla ya kumfungia pakiti nilimpigia daktari wake, dozi ikapangwa upya.

Mwili nao una mambo yake. Kabamazepini huliamsha ini liivunje dawa yenyewe kwa kasi zaidi. Mwanzoni nusu ya dawa huchukua saa 25 hadi 65 kutoka mwilini; baada ya wiki 3 hadi 5 za kumeza, huwa saa 12 hadi 17 tu. Ndiyo maana dozi ya mwezi wa kwanza huweza kupwaya mwezi wa pili bila mtu kukosea lolote. Ini hilo lililoamshwa huvunja na vidonge vya uzazi wa mpango, hata vijiti vya mkononi, kwa hiyo binti anayetumia dawa hii aseme mapema kliniki. Balungi hufanya kinyume: huzuia uvunjaji, dawa ikajaa. Dawa ya kifua ya erithromaisini pia. Na upele ukitokea, hasa miezi ya mwanzo, ukiandamana na homa au vidonda mdomoni, ni hospitali siku hiyo hiyo. Pasipo dharura kama hiyo usiikate ghafla kwa uamuzi wako, maana degedege linaweza kuja mfululizo lisisimame.

Kuhusu jini sikubishana naye. Nilimwambia kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anywe akitaka, na vidonge ameze, vikae kwenye pakiti yake hadi dakika ya kumeza, pakiti ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, chumbani, mbali na mtungi. Vile vya zamani nilibaki navyo niviteketeze.

Wiki iliyofuata alirudi. Kijana hajaanguka, hayumbi. Alikuwa amekuja na vidonge vya presha vya mamake, anataka nivitie kwenye bilauri.