Mchicha pori hauzoei dawa

Husemwa kwamba magugu yakipuliziwa dawa ileile kila msimu "huizoea", kama ulimi unavyozoea pilipili. Usemi mtamu, ila sivyo inavyotokea. Mche ulionyauka haujazoea kitu, umekufa.

Mtazame Amaranthus palmeri, ndugu wa michicha ya mboga. Katikati ya miaka ya 2000, katika mashamba ya pamba ya Georgia, Marekani, ilithibitika kwamba baadhi yake haifi kwa glaifoseti. Dawa hiyo ya magugu huzima kimeng'enya kimoja (protini inayochochea kazi za kikemikali ndani ya mmea) ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho. Watafiti walipohesabu jeni ya kimeng'enya hicho kwenye mimea sugu, walikuta nakala mara 5 hadi zaidi ya mara 160 ya zile za mimea isiyo sugu. Kimeng'enya kinafurika, dawa inazidiwa.

Badiliko kama hilo halihitaji dawa ili litokee. Dawa huua majirani tu na kuuachia mmea huo uwanja. Tena jike moja (mchicha huu una dume na jike mbalimbali) laweza kutoa mbegu laki kadhaa. Msimu ujao, shamba limejaa watoto wa walionusurika.