Chura wa kwanza? Anza na nzi

Kijana mmoja wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, alinionyesha picha kwenye simu: chura wa buluu, anang'aa kama kitenge kipya. "Dokta, huyu ndiye ninayemtaka." Nikamuuliza atamlisha nini. Akacheka.

Vyura hawa wa sumu wa Amerika Kusini niliwafuga miaka minne nikiwa masomoni Ujerumani. Sumu isikutishe. Porini wanaipata kwa kula sisimizi na utitiri. Aliyezaliwa kwenye tangi la kioo na kulelewa kwa nzi hana sumu. Shughuli iko kwa hao nzi.

Ni nzi wadogo wa matunda, wale wale wanaozengea mbege, pombe ya ndizi, kule Moshi, ila wa kufuga hawaruki. Unawakuza ndani ya chupa yenye ndizi iliyopondwa na hamira kidogo, na kizazi huchukua kama wiki mbili. Wakati wa kulisha unawatikisa kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu mpaka watoke weupe kama watu wa mashine ya kusaga. Mdomo wa chupa uzibwe barabara! Mimi nililegeza kitambaa, nzi wa mtaani wakaingia wakazaana na wangu. Siku nilipofungua, chakula cha vyura kikapaa mpaka darini.

Kwa anayeanza ninachagua Dendrobates leucomelas, wa njano na nyeusi, kwao Venezuela na majirani zake. Ana sentimita 3 hadi 4, hajifichi sana, na kadhaa hukaa tangi moja bila vurugu kubwa. Yule wa buluu ni tinctorius. Naye si mgumu, ila majike hugombana. Oophaga pumilio mwache kabisa: viluwiluwi wake hulishwa mayai na mama yao, na hapo wewe huna msaada.

Joto liwe nyuzi 22 hadi 27. Baridi ya Julai hapa Arusha utaipasha; Februari ya Moshi, ikipita 30, ndiyo itakayokuulia.

Na usiingize hata mmoja bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na vya mamlaka za wanyamapori. Ukungu wa ngozi, fangasi anayeua vyura, husafiri nao, na ni mmoja wa watuhumiwa wa kutoweka kwa vyura wa maporomoko ya Kihansi hapa Tanzania, waliotangazwa mwaka 2009 kuwa hawapo tena porini.

Kijana nimemwambia alee nzi miezi miwili kwanza, bila chura. Juzi kanitumia picha: ndizi imeota ukungu, nzi hakuna.