Je, serikali ikinunua korosho zote, huo ndio ujamaa?

Novemba 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei mnadani, Rais Magufuli aliagiza serikali ichukue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaingia Mtwara na Lindi kubeba magunia. Mfanyabiashara katolewa, dola imeingia. Tuuite ujamaa?

Swali hili limewagombanisha wafuasi wa Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani aliyepinga ubepari, tangu zamani. Friedrich Engels, rafiki yake Marx, aliwajibu waliodhani Bismarck, kansela wa Ujerumani, ni mjamaa kwa kuwa alitaifisha reli: kwa hesabu hiyo, hata fundi cherehani wa kikosi cha jeshi ni taasisi ya kijamaa! Dola ikishika kiwanda, alisema, mfanyakazi anabaki kibarua wa mshahara.

Ugomvi mkubwa ukaja juu ya Urusi ya Stalin. Trotsky, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi aliyefukuzwa na Stalin, alishikilia kwamba, kwa kuwa viwanda havikuwa vya mtu binafsi, ile bado ilikuwa dola ya wafanyakazi, ila imeoza. Mwaka 1948 Tony Cliff, mfuasi mwingine wa Marx, akakataa: huo ni ubepari wa dola. Nchi nzima ni kama kampuni moja inayoshindana kwa silaha na Magharibi, na mfanyakazi hana sauti juu ya anachozalisha. Mimi nasimama na Cliff, kwa sababu hati ya umiliki haikuambii nani anaamua.

Kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki. Miaka mitatu baadaye Issa Shivji, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaonya kuwa tabaka jipya la warasimu, yaani wakubwa wa ofisini, linajijenga humohumo serikalini. Na jirani zetu wa Ruvuma, pale Litowa na vijiji wenza, walikuwa wakilima pamoja na kupanga mambo yao kwenye vikao vyao wenyewe. Septemba 1969 TANU, chama tawala, ikauvunja umoja wao. Hilo linaniuma mpaka leo, maana pale ndipo wakulima walipokuwa na sauti.

Turudi kwenye korosho. Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri, nani abishe? Lakini wakulima wengine walisubiri wahakiki waje kuthibitisha kama mikorosho ni yao kweli, na wengi walikaa miezi bila malipo. Bei ilitoka juu, uhakiki ukatoka juu. Mkutano wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, haukuulizwa hata siku ya kulipana.