Hakusasonso: Bustani Nayo Ni Kazi ya Msanii

Kila msimu wa sakura, yaani maua ya micheri ya Kijapani, ukikaribia, sisi wa uhifadhi huulizwa yaleyale kuhusu Hakusasonso, makazi ya mchoraji Hashimoto Kansetsu yaliyoko Kyoto, Japani, jirani na hekalu la Ginkakuji. Safari hii tumeona tujibu kwa maandishi kabla wageni hawajafika getini.

Kansetsu (1883–1945) alijenga hapo mwaka 1916, penye mashamba ya mpunga. Alichimba mabwawa, akapanga miamba, akakusanya taa na minara ya mawe ya karne nyingi nyuma. Wengi hudhani sanaa imo ndani ya jengo la makumbusho lililofunguliwa 2014, na kwamba huko nje ni pa kupigia picha tu. Sivyo. Bustani ni kazi ya mkono uleule ulioshika brashi, na tangu 2003 imo katika orodha ya taifa ya maeneo yenye mandhari bora.

Hadhi hiyo ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Mali za Utamaduni ya 1950, kubadili hali ya eneo la namna hii kunahitaji kibali cha Kamishna wa Utamaduni. Anayelibadili bila kibali anaweza kutozwa faini, na akiliharibu kwa kufanya hivyo anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini. Mmiliki naye hasalimiki, ingawa adhabu yake ni nafuu: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini. Bila shaka hatusemi kwamba kila unyayo nje ya njia utafikishwa mahakamani. Lakini "sikujua" tumeisikia mno.

Kuna jiwe dogo, ukubwa wa ngumi hivi, lililofungwa kamba nyeusi kama kifurushi na kuwekwa juu ya jiwe la kukanyagia. Huitwa sekimori-ishi. Si pambo, si zawadi ya kubeba, wala si kitu kilichosahauliwa na mtunza bustani. Maana yake ni: usipite. Usiliruke, usilisogeze. Ule uoto laini wa kijani uliotanda ardhini, koke kwa Kijapani, nao hukanyagwa kwa sekunde moja na kupona kwa miezi.

Lalamiko jingine: "Nimelipa kiingilio, mbona mchoro niliofuata haupo?" Michoro ya Kijapani imefanywa kwa rangi za madini na gundi ya wanyama juu ya hariri au karatasi, na mwanga huila polepole, ikishafifia hairudi. Ndiyo maana taa ni hafifu na michoro hupokezana zamu. Kwa kazi zilizoteuliwa na serikali kuwa hazina za taifa au mali muhimu za utamaduni, mwongozo wa msingi ni maonyesho yasiyozidi mara 2 kwa mwaka, jumla ya siku 60. Mhudumu wa mlangoni hana mamlaka ya kukufungulia ghala, tafadhali usigombane naye. Tazama ratiba ya maonyesho kabla ya kusafiri.

Penye majamvi ya tatami, viatu vinavuliwa. Mkoba wa mgongoni ubebe mbele.

Na sakura wenyewe? Wako nje, kando ya mfereji wa Njia ya Mwanafalsafa. Asili yao ni miche aliyoitoa Kansetsu na mkewe Yone mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji bado huiita sakura ya Kansetsu. Kuitazama hakuhitaji tiketi. Kuvuta tawi ili lifike usoni kwa ajili ya picha, hapana.