Je, wajua? Tundu la moyo wa mtoto huweza kuzibwa kwa kupitia pajani

Mzazi akiambiwa mwanawe amezaliwa na tundu kwenye moyo, kinachomjia kichwani ni kisu na kifua kilichopasuliwa. Kumbe watoto wengi wa aina hii hutoka hospitali na kidonda kidogo tu kwenye kinena. Inawezekanaje?

Njia ya kwenda moyoni ipo tayari mwilini. Mshipa wa paja hupanda na kuingia katika mshipa mkubwa wa tumboni, nao humwaga damu katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono hadi moyoni mwake, kisha akatembea kwenda kupigwa eksirei apate ushahidi. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mpira huo ndio katheta, na unene wake ni milimita chache. Kiziba cha tundu lenye upana wa sentimita nzima kitapitaje humo? Kimesukwa kwa nyuzi za aloi ya nikeli na titani, ambayo hulikumbuka umbo lake. Ukikivuta, kinanyooka, ukikiachia, kinarudi kuwa visahani viwili vyenye kiuno kifupi katikati.

Mtoto akiwa usingizini, daktari hutazama eksirei na ultrasaundi, akaivusha katheta katika tundu, lililo kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, hadi chumba cha kushoto. Anasukuma kidogo, kisahani cha kwanza kinachanua. Anavuta taratibu mpaka kiegemee ukuta, kisha anachanua cha pili upande wa kulia. Ukuta umebanwa, na moyo muda wote huo unadunda. Kiziba bado kimeshikwa na waya kwa skrubu: daktari hukivutavuta, huangalia kama damu inavuja, na kisipokaa vizuri hukirudisha mpirani na kuanza upya. Kinachonigusa zaidi ni hapo, kwamba nafasi ya kujisahihisha ipo hadi dakika ya mwisho. Akiridhika, huuzungusha waya ukafunguka. Baada ya miezi kama 6, utando wa moyo huwa umekifunika kiziba.

Si kila tundu huzibika hivi. Lisipokuwa na kingo za kukishika kiziba, upasuaji ndio njia. Kwa upande mwingine, katheta hutanua pia vali (kilango cha damu moyoni) iliyobana, kwa puto linalojazwa likiwa katikati yake.

Tena kuna watoto wanaohitaji tundu lipanuliwe. Mishipa miwili mikuu ikiwa imebadilishana nafasi, damu yenye oksijeni huzunguka mapafuni tu bila kuufikia mwili. Mwaka 1966, huko Philadelphia, William Rashkind na William Miller walieleza namna ya kupitisha puto katika kitundu ambacho kila kichanga huwa nacho kati ya vyumba vya juu, kulijaza, kisha kulivuta kwa mkupuo mmoja. Ukuta huchanika, damu mbili huchanganyika, na midomo iliyokuwa ya buluu huanza kupata rangi mtoto akiwa bado mezani. Upasuaji wa kurudisha mishipa mahali pake hufuata baadaye, mtoto akiwa na nguvu ya kuuhimili.